Uzani wa mtoto azaliwapo usisahaulike kliniki ikiisha

MTOTO anapozaliwa hospitalini, iwe ni Kawangware 56 au kwingineko nchini, uzani wake huandikwa katika kijitabu cha afya ya mama na mtoto. Kijitabu hicho hutunzwa hadi chanjo zikamilike. Mtoto akitimiza miaka mitano, aghalabu huwekwa kando na nambari ile ya kwanza ikasahaulika.

Hiyo ni hasara, kwani nambari hiyo ingali na maana mtu afikapo umri wa miaka 40 au 50.

Shirika la Afya Duniani (WHO) humhesabu mtoto aliyezaliwa akiwa chini ya gramu 2,500 kuwa na uzani mdogo, na aliye chini ya gramu 1,500 kuwa na uzani mdogo sana. Kwa miaka mingi juhudi zililenga kumwokoa asife katika siku za mwanzo. Akinusurika, ilidhaniwa hatari imepita.

Dhana hiyo ilitikiswa mwaka wa 1989. David Barker wa Uingereza na wenzake walichunguza kumbukumbu za wanaume waliozaliwa Hertfordshire kati ya 1911 na 1930. Walibaini kuwa waliokuwa na uzani mdogo utotoni walifariki kwa maradhi ya moyo kwa wingi kuliko wenzao. Tafiti za baadaye zilihusisha uzani mdogo na shinikizo la damu na kisukari.

Chanzo kimojawapo ni figo. Vichujio vya damu ndani yake huumbwa mtoto akiwa tumboni, na kazi hiyo hukamilika takriban wiki ya 36 ya mimba. Aliyekosa lishe humo huweza kuzaliwa na vichujio vichache, ambavyo hubeba mzigo wa vingi maishani, presha ikapanda. Isitoshe, mwili uliozoea uhaba hulemewa upesi na shibe. Utafiti wa Helsinki, Finland, ulionyesha hatari huzidi kwa waliozaliwa wadogo kisha wakanenepa haraka utotoni.

Hapo ndipo mitaa kama Kawangware na Kibera inapohusika. Mja mzito anayefua nguo kwa kibarua mtaani Lavington, huku akilala njaa, yumo hatarini kujifungua mtoto mdogo. Mtoto huyo naye hukulia kando ya vibanda vya vibanzi, soseji na soda. Uhaba wa mama na mafuta ya mjini hukutana katika mwili mmoja.

Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kuwa takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa.

Kuzaliwa mdogo si hukumu. Wengi huishi wakiwa na afya njema, na chumvi, sigara na unene huchangia pakubwa. Hata hivyo, tahadhari haina gharama. Mnamo Septemba 2023, serikali iliwapa wahudumu wa afya ya jamii vifaa vya kupimia presha na sukari nyumba kwa nyumba. Swali moja tu laweza kuongezwa: ulizaliwa na kilo ngapi? Anayejua alikuwa chini ya kilo mbili na nusu apimwe mapema, asisubiri kiharusi.

Kwa watoto wa leo, nambari hiyo ihamishiwe katika faili zao za utu uzima. Muhimu zaidi, mama ale ashibe na aanze kliniki mapema. Kinga ya moyo wa mzee huanzia katika sahani ya mja mzito.