Asiye na Kitambulisho Asipande Boti, Ila Aambiwe Mapema

Kila msimu wa sikukuu, kwenye geti la boti za Zanzibar pale bandarini Dar es Salaam, kuna watu wanaoachwa. Nauli wamelipa, tiketi wanayo mkononi, mabegi yameshapita kwenye mashine ya ukaguzi. Walichokosa ni kitambulisho. Kimebaki kwenye suruali ya jana. Kimebaki kwenye droo ya ofisini. Kimebaki kwa mlinzi wa jengo fulani maeneo ya Posta, mwenyewe alikiacha pale jana mchana alipoingia kuonana na mtu, akatoka kwa haraka bila kukichukua.

Kinachofuata, kila anayesafiri njia hiyo amekiona. Mama na watoto wameshaingia ndani, baba yuko nje ya geti na simu sikioni. Bodaboda imetumwa Mbagala. Boti ya asubuhi haisubiri foleni ya Barabara ya Kilwa. Baba anamwonesha askari picha ya kitambulisho kwenye simu, shemeji yake ameituma WhatsApp sasa hivi. Askari anatikisa kichwa. Walio nyuma wanaanza kunung'unika, mmoja anapaza sauti: "Afande, msaidie tu. Huyu Mtanzania mwenzetu, anaenda Unguja, haendi Ulaya." Mama kule ndani hajui atoke na watoto au atangulie.

Tunamhurumia baba huyo. Hata hivyo tunasema askari yuko sahihi, na abiria wanaomshinikiza amruhusu apite wanakosea.

Hoja ya kwamba Unguja na Dar ni nchi moja ni ya kweli, na ndiyo maana hakuna anayemdai Mtanzania pasipoti. Leseni ya udereva, kadi ya mpiga kura au kitambulisho cha NIDA, na kwa Mzanzibari kile cha Mzanzibari mkaazi, humthibitisha. Kitambulisho pale getini kina kazi nyingine kabisa. Kinathibitisha kwamba jina lililoandikwa kwenye orodha ya abiria ni la mtu anayekaa kwenye kiti kile. Orodha hiyo, siku bahari ikiwa shwari, haina anayeiuliza. Inaulizwa siku moja tu, na siku hiyo ikifika hakuna muda wa kuiandika upya.

Nchi yetu imeshaipitia siku hiyo mara kadhaa. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama ikiwa inakaribia Mwanza. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Daraja la tatu, walikosafiri wenye nauli ndogo na mikungu yao ya ndizi, halikuwa na orodha. Hadi leo idadi ya waliokufa hutajwa kwa makisio, mengine yakifika karibu 900, na baadhi yao walizikwa kwa pamoja Igoma. Anayetaka kujua kama mjomba wake alikuwa daraja la tatu siku ile hana karatasi ya kuitazama.

Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander ikazama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Meli iliruhusiwa kubeba watu takriban 600. Tume iliyoundwa baadaye ilifikia hesabu ya abiria zaidi ya 2,000. Maiti zilizopatikana ni 203. Wengine, zaidi ya 1,000 kwa hesabu ya tume, hawakuonekana, na wengi wao hawakuwa na jina mahali popote isipokuwa vinywani mwa ndugu zao. Haukupita mwaka, Julai 18, 2012, MV Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe, ikitoka hapa hapa Dar.

Kisha Ukara, kwenye Ziwa Victoria. Septemba 20, 2018 ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio Bugolora, na kivuko cha MV Nyerere kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Waliokufa ni 228, waliookolewa 41. Maofisa walipoulizwa kivuko kilibeba wangapi, walieleza kwamba aliyekuwa akikata tiketi amefariki na mashine yake imepotea. Kumbukumbu yote ya safari ile ilikuwa ndani ya kivuko, ikazama na wenyewe.

Sasa tazama upande wa pili. Januari 13, 2012, miezi minne tu baada ya msiba wa Nungwi, meli kubwa ya kitalii Costa Concordia iligonga mwamba kwenye kisiwa cha Giglio, Italia, ikiwa na watu zaidi ya 4,200. Uzembe wa nahodha ulikuwa mkubwa na alifungwa kwa ajili yake. Lakini meli hiyo ilikuwa na majina. Ilijulikana kwamba waliokufa ni 32, na kila mmoja alijulikana ni nani. Mabaki ya mtu wa mwisho, mhudumu wa meli kutoka India, yalipatikana Novemba 2014, meli ikiwa tayari imevutwa hadi Genoa na inakatwakatwa kuwa vyuma chakavu. Karibu miaka mitatu walijua kwamba amebaki mmoja, wakajua jina lake, wakaendelea kumtafuta. Familia yake ilipata mtu wa kumzika.

Kwetu watu zaidi ya 1,000 hawakupata hilo. Mtu asiyekuwa kwenye orodha hatafutwi kwa jina. Mkewe hajui eda ianze lini. Wanawe wakienda kufungua mirathi wanaulizwa cheti cha kifo, na cha kuonesha hawana. Huko ndiko jambo hili la kitambulisho linakofika, na ndiyo maana tunakataa kuliita usumbufu.

Wapo watakaosema kwamba misiba hiyo ilitokana na kujaza watu kupita kiasi, si na vitambulisho. Ni kweli, na mambo hayo mawili ni ndugu. Anayetaka kujaza meli hufurahi sana majina yasipoandikwa. Abiria mia mbili wasio na jina ni nauli mia mbili zisizoonekana kwenye hesabu yoyote. Anayemkagua kila abiria kwa jina anajua kiti cha mwisho kimekaliwa saa ngapi.

Kwa sababu hiyo hiyo tunakemea tabia ya "kitu kidogo" getini. Anayempa askari noti ili apite bila kitambulisho anajiona mjanja. Alichonunua ni nafasi ya kusafiri bila kuhesabiwa. Na askari anayeipokea ameuza usalama wa boti nzima, kwa kuwa aliyepita bila jina leo ni baba wa watoto, kesho anaweza kuwa mtu anayetafutwa na polisi.

Tukishasema hayo, tuwageukie wanaouza tiketi, maana hapa ndipo penye kosa kubwa ambalo halizungumzwi. Wengi wanaoachwa getini si wakaidi. Hawakuambiwa. Mtu anatoka Morogoro kwa mara ya kwanza kwenda harusini Zanzibar, amezoea kupanda basi kwa kutaja jina tu, hata jina moja, na hakuna aliyewahi kumdai kitu. Anamkuta kijana nje ya bandari, "Zanzibar, Zanzibar, dada, njoo huku," anampa pesa, analetewa tiketi. Jina lililoandikwa analijua kijana mwenyewe. Wakati mwingine ni la abiria aliyeahirisha safari wiki iliyopita. Wakati mwingine ni "Mama Asha." Dada anafika getini na kitambulisho chake halali kabisa, na bado jina halilingani. Ameibiwa, na anayeonekana mkosaji ni yeye.

Tunawashauri wasafiri wapite moja kwa moja kwenye ofisi za kampuni au wakate kwa simu kwenye mifumo yao, waachane kabisa na vishoka wa mlangoni. Lakini ushauri peke yake hautoshi wakati vishoka hao wanafanya kazi mchana kweupe, hatua chache kutoka kwa askari wanaowajua kwa majina.

Karani anayekata tiketi aulize kitambulisho kabla ya kupokea pesa. Akate tiketi kwa jina lililo kwenye kitambulisho hicho, herufi kwa herufi, maana kuna Mwanaidi na Mwanahidi, na kuna wenye majina matatu NIDA na mawili kwenye leseni. Anayenunua kwa simu atumiwe ujumbe, kwa Kiswahili, jioni ya kuamkia safari: njoo na kitambulisho chenyewe, picha haikubaliki, geti linafungwa saa fulani. Kampuni zinazoweza kutuma ujumbe wa kutangaza ofa zinaweza kutuma na huu. Na aliyeachwa kwa kosa la kitambulisho apewe nafasi ya kuhamishia tiketi kwenye boti inayofuata siku hiyo hiyo, bila kulipa nauli mpya. Kumkatalia kupanda kunatosha kumfunza. Kumla nauli si usalama, ni biashara.

Tuseme na la NIDA. Wapo wananchi waliokaa muda mrefu wakiwa na namba tu, kadi haijafika. Watu hao hawakusahau kitu nyumbani, kwa sababu nyumbani hakuna cha kusahau. Nchi hii ilisajili laini za simu kwa alama za vidole nchi nzima, hadi vibanda vya vijijini vikawa na mashine. Dirisha moja bandarini lenye mashine kama hiyo, ambapo mtu anataja namba, anaweka kidole na jina lake linatoka, lingemaliza sehemu kubwa ya vilio vya pale getini. Lingemfaa na yule baba wa Mbagala.

Wageni nao wana kisa chao. Mtalii anafikia hoteli ya Dar, anafungia pasipoti kwenye sefu, anaamua kwenda Zanzibar siku mbili. Anajiambia hatoki Tanzania, pasipoti ya nini? Akishuka bandarini Malindi, Unguja, anakuta Uhamiaji wanaikagua. Mfanyabiashara wa Lubumbashi aliyekuja kufungasha mzigo Kariakoo naye huiacha gesti kwa kuogopa wezi, na Mkenya aliyezoea kuingia Kampala na Kigali kwa kitambulisho cha taifa hudhani Unguja ni hivyo hivyo. Kuogopa wezi ni busara, lakini pasipoti ya mgeni isafiri naye. Wenye hoteli na gesti wanaweza kumwambia mgeni neno hilo anapoaga asubuhi, haliwagharimu chochote.

Na watoto. Wazazi wengi wanabeba nepi, maji, biskuti na dawa ya kichefuchefu, cheti cha kuzaliwa kinabaki kabatini. Mtoto naye ni abiria. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, unataka kwenye meli za safari za kimataifa watu wote wahesabiwe kabla ya kuondoka, majina na jinsia viandikwe, watoto na wachanga watofautishwe na watu wazima, na taarifa hizo zibaki nchi kavu kwa ajili ya waokoaji. Hatuoni sababu ya mtoto anayevuka kutoka Dar kwenda Unguja, au kutoka Bugolora kwenda Ukara, kuhesabiwa kwa uangalifu mdogo kuliko mtoto anayekwenda nchi ya nje. Mtoto mchanga aliyebebwa mgongoni hana kiti, na aghalabu hana tiketi. Jina lazima awe nalo.

Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, kwa upande wa Bara, na Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, ZMA, kwa upande wa Visiwani, ndizo zenye meno katika jambo hili. Kabla msimu ujao wa sikukuu haujaanza tunaziomba zikae pamoja na kampuni za boti zitoe utaratibu mmoja, unaofanana pande zote mbili za bahari, ulioandikwa wazi juu ya tiketi yenyewe na kwenye bango nje ya geti: vitambulisho gani vinakubalika, mwenye namba bila kadi aende dirisha gani, mtoto aje na nini, aliyeachwa nauli yake inakuwaje. Utaratibu huo ufike na kwenye vivuko vya Ziwa Victoria, ambako safari ni fupi na watu wanajuana kwa sura, hivyo kuandika majina kunaonekana kazi ya bure. Na nakala ya orodha itumwe nchi kavu kabla kamba hazijafunguliwa, kila safari, hata ile ya dakika ishirini siku ya gulio.