Miji Midogo ya Reli Isiachwe Ife

Kuna miji katika Bonde la Ufa ambayo, lau si reli, haingekuwa kama tunavyoijua leo. Njoro, Elburgon, Molo na Londiani ilikua kandokando ya njia ya garimoshi kama maboga yanavyotambaa kufuata ukuta wa boma. Leo wengi wetu huipita miji hii kwa mbali, tukiwa ndani ya matatu zinazokimbia kwenye barabara kuu, wala hatujiulizi imepatwa na nini.

Hivi majuzi nilipata fursa ya kuuzuru mji wa Molo. Baridi ya Mau haina simile, na asubuhi ile ukungu ulikuwa ungali umelala juu ya mashamba. Sokoni palikuwa na pilkapilka za kila namna: viazi, kabichi, maziwa na kondoo ambao nyama yao imelipatia jina la Molo sifa kote nchini. Lakini niliposogea karibu na reli nilikuta utulivu usiofanana kabisa na shughuli za soko. Magunia ya viazi yalikuwa yakipakiwa kwenye malori, hata gunia moja halikuelekea kwenye behewa.

Hali hii haikuzuka kwa siku moja. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu Desemba 1901, baada ya kuipanda milima ya Mau kwa jasho na damu ya vibarua wengi, wakiwamo zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka Bara Hindi. Hatuna haja ya kuipamba historia hiyo. Reli haikujengwa kwa manufaa ya mwananchi. Kwa mkataba wa mwaka 1904 Wamaasai walihamishwa kutoka Naivasha na Nakuru ili walowezi wapate ardhi iliyo karibu na njia hiyo. Hata hivyo, wafanyakazi, wafanyabiashara na wakulima wa makabila mbalimbali walikutana penye stesheni, wakajenga na kuzaa, mpaka chombo cha mkoloni kikawa mali yao.

Pigo la kwanza lilikuja mapema. Njia mpya kutoka Nakuru ilifika Eldoret mwaka 1924, ikaendelea hadi Kampala mwaka 1931. Molo na wenzake wakabaki kwenye tawi la Kisumu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na shirika la pamoja la reli likavunjika nayo. Malori yakazidi kutawala usafirishaji. Mwaka 2006 reli ilikabidhiwa kampuni ya kibinafsi, na mkataba huo ukafika ukingoni mwaka 2017 bila mwananchi wa kawaida kuona neema aliyoahidiwa.

Yuko atakayesema kwamba hayo ni majonzi ya wazee wanaokumbuka honi ya treni. La hasha! Jambo hili linahusu maisha ya watu. Tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, si mbali na Molo. Wananchi walikimbilia kuteka petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakaangamia. Mwishoni mwa mwaka 2017, watu 36 walikufa katika ajali ya basi na lori karibu na Salgaa. Tarehe 30 Juni 2023, lori lilivamia magari na wachuuzi katika njia panda ya Londiani, na zaidi ya watu 50 wakapoteza maisha. Sisemi kwamba treni ingeizuia kila ajali. Ninalosema ni kwamba taifa linaporundika mizigo yake yote kwenye mteremko mmoja wa lami, ilhali reli inapita katika milima iyo hiyo, lisishangae linapozika watu wake kwa makumi.

Haki itendeke: kuna hatua zilizochukuliwa. Njia ya kutoka Nakuru hadi Kisumu ilikarabatiwa, na Desemba 2021 treni ya abiria ikarejea kati ya Nairobi na Kisumu. Mwezi huo huo Nakuru ilipewa hadhi ya jiji. Lakini treni ile ilianza kwa safari moja kwa wiki, ikiondoka Nairobi jioni na kufika Kisumu asubuhi. Maana yake ni kwamba iliipita Mau usiku wa manane, wakati mkulima wa Elburgon amejifunika blanketi. Treni ya namna hiyo humfaa anayekwenda mwisho wa safari, ila miji ya katikati huambulia mlio tu. Nayo reli ya SGR, iliyofunguliwa hadi Naivasha mwaka 2019, haikuigusa miji hii hata kidogo.

Wenzetu wa mbali wanatupa funzo. Mji wa Hyvinkää nchini Finland ulikua kwa sababu ya reli kama Molo ulivyokua. Stesheni yake ya zamani, badala ya kuachwa ioze, imegeuzwa kuwa makumbusho ya reli ya taifa zima, na treni zingali zinahudumia mji huo. Sisi nasi tuna makumbusho ya reli jijini Nairobi tangu mwaka 1971. Je, historia ya reli iliishia Nairobi?

Najua hoja ya wenye malori. Lori hufika mlangoni pa shamba, treni haifiki. Kweli kabisa. Lakini lori laweza kuleta viazi hadi stesheni, kisha behewa likachukua safari ndefu. Kinachokosekana ni ratiba ya kuaminika, ghala la kuhifadhia mazao na nauli ambayo mkulima mdogo anaimudu.

Kwa hivyo wakuu wa Shirika la Reli na serikali za kaunti hawana budi kuketi pamoja. Treni ipite mchana angalau siku za soko. Mafuta na mizigo mizito irejeshwe relini. Mipaka ya ardhi ya reli ibainishwe waziwazi, ili anayeishi au kuchuuza kandokando asiamshwe na tingatinga alfajiri moja. Majengo ya kale yatunzwe na yapewe kazi.

Miji hii imeona mengi. Watu wake waliochanganywa na reli waligeuzwa mahasimu katika ghasia za mwaka 1992 na zile za 2007 na 2008, na wangali wanajenga upya ujirani wao. Wanastahili kupewa sababu za kufanya biashara pamoja, na stesheni yenye shughuli ni mojawapo ya sababu hizo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa Mau ufa umekwisha kuonekana.