Wenye Fremu, Acheni Kutuuzia Dari Moja Mara Mbili

Leo nawapumzisha wanasiasa. Naongelea dari. Msicheke, kuna watu wanalipia upuuzi huu kwa mtaji wao.

Ukipita Korogwe, ingia kwenye fremu za Manundu, kwa wakala wa pesa, kwenye duka la nguo, kwenye saluni, halafu inua macho. Kisha nenda Handeni, zunguka Chanika, fanya vile vile. Utaona ile dari ya kuning'inia, vipande vya mraba vilivyokaa kwenye mikanda ya bati jepesi. Na juu yake utaona ramani: madoa ya kahawia yenye kingo, mengine yamekauka, mengine bado mabichi. Katikati ya madoa kuna vipande vipya vyeupe pe. Hivyo ndivyo "ukarabati". Vinasubiri masika nao wageuke ramani.

Nina dada mmoja ninayemfahamu, ana stationeri. Mwenye jengo alimwambia dari yote inabadilishwa, kwa hiyo kila mpangaji achangie. Dada akaomba mchanganuo. Akaletewa karatasi ya daftari ina mistari mitatu: bodi, ufundi, usafiri. Chini yake jumla. Akalipa, maana mkataba ulikuwa unakaribia kwisha na fremu ya barabarani hairudi ukiipoteza. Vuli ilipofika kipande kililowa, kikaanguka juu ya mashine ya fotokopi. Akaambiwa atafutwe fundi, na achangie tena!

Sasa hapo ndipo ninapokasirika. Mistari ile mitatu haikuwa bajeti. Ilikuwa bei ya kufunika doa.

Dari haivuji, ndugu zangu. Kinachovuja ni paa: msumari uliolegea, bati lililotoboka, mfereji uliojaa majani, bomba la tangi la juu. Bodi ya jipsamu kazi yake ni kukaa pale na kunyonya kila kinachoshuka, mpaka inakuwa nzito, inapinda, inaanguka. Kwa hiyo mstari wa kwanza wa bajeti ya dari hauhusu dari kabisa. Ni fundi wa bati kupanda juu, kumwaga maji, na kuangalia yanapotokea. Hujapanda juu? Basi unanunua dari ile ile mara ya pili.

Na mstari huo wa kwanza ni wa nani? Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 88, inauweka wajibu huu ndani ya mkataba hata kama hamkuuandika: ukipangisha sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu na za nje, mifereji mikuu na sehemu za pamoja ni juu yako wewe mwenye jengo kuzitunza. Mkataba unaweza kusema vinginevyo, ndiyo maana tunasoma kabla ya kusaini, siyo baada. Mwenye fremu atasema dari si paa. Sawa kabisa. Lakini hilo doa limeshuka kutoka wapi, mbinguni?

Tuje kwenye hesabu, maana wengi wanaogopeshwa na neno "BOQ" kama vile ni la mainjinia peke yao. Chukua fremu ya mita 6 kwa 10. Hiyo ni mita za mraba 60. Vipande wanavyoviita futi mbili kwa mbili kipimo chake halisi ni sentimita 60 kwa 60, yaani 0.36 ya mita ya mraba. Gawanya, unapata 167. Ongeza asilimia 10 ya vitakavyovunjika na kukatwa pembeni, unafika 184. Mikanda mikuu ikipangwa kila mita 1.2, unahitaji kama mita 50. Mikanda ya kukatiza, ile mirefu ya mita 1.2 na ile mifupi ya sentimita 60, kama 84 kwa kila aina. Engo ya kuzunguka ukuta ni mita 32. Bado waya za kuning'inizia. Umeona? Dakika tano na kalkuleta ya simu. Bei za shilingi sizitaji kwa sababu zinabadilika. Chukua profoma kwenye maduka mawili au matatu, uangalie tarehe, na uulize kama ile VAT ya asilimia 18 imo au itakuja kukuvamia mwishoni.

Halafu yapo yale ambayo hayaandikwi kamwe. Kuondoa dari ya zamani na kuitupa. Kinyesi cha popo kilichojaa juu yake. Nyaya za umeme zilizolazwa juu ya bodi na kutafunwa na panya, pamoja na taa nzito zinazoning'inia kwenye bodi badala ya kufungwa kwenye mbao za paa. Jengo likiwa la zamani, mabamba ya kijivu yanaweza kuwa na asbesto, na Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani. Nimeona mafundi wakivunja mabamba ya namna hiyo kwa nyundo huku wateja wanaendelea kununua madaftari! Na siku ambazo duka litafungwa, hizo ni hasara ya nani? Kwenye karatasi ya mistari mitatu hazikuwepo, kwa hiyo ni ya mpangaji.

Usafiri nao siyo neno moja. Mzigo wa Dar kwenda Handeni unaingilia Mkata, wa Korogwe unapitia Segera, na bodi inavunjika kirahisi. Andika nani anabeba hasara ya zilizovunjika njiani. (Kinachoniuma zaidi ni kwamba jipsamu inachimbwa Makanya, kule Same, barabara hii hii, na katani ambayo mafundi huichanganya kwenye jipsamu ya mapambo inalimwa Korogwe penyewe. Lakini hayo ni ya siku nyingine.)

Najua jibu la wenye fremu: kodi ni ndogo, wapangaji wasumbufu, hela ya kupandisha fundi juu ya paa itoke wapi. Itoke kwenye kodi mnayopokea ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo! Mkipokea ya mwaka, tengeni kiasi cha paa siku hiyo hiyo, kabla hamjapeleka yote kwenye kiwanja kipya.

Na ninyi wapangaji, hasa ninyi wenye digrii mnaosaini bila kusoma, msilipe mchango wa dari kabla ya kuona maandishi: nani alipanda juu, alikuta nini, alirekebisha nini, na vipande ni vingapi. Pigeni picha ya paa kabla na baada. Masika huanza Machi. Fundi wa bati anapatikana Januari, juu kukiwa kukavu. Aprili utampigia simu, naye atakuwa kwenye paa la mwingine.