Mfanyakazi Naye Ana Zamu Yake



Katika kurasa hizi tumezoea kusema habari za mshahara, likizo na saa za kazi. Safari hii twataka kusema habari za nyasi, makaa na maji. Huenda wengine wakauliza: mambo hayo yakihusu nini chama cha wafanyakazi? Jawabu letu ni fupi. Hapa Garbatulla mshahara hauliwi na mtu mmoja. Mwalimu, dereva, mlinzi, mhudumu wa hospitali, kibarua wa barabara, karibu kila mmoja wetu ana jamaa malishoni. Ng'ombe wakifa huko, mshahara ndio unaogawanywa hapa. Mvua zilipokosa misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, wanyama zaidi ya milioni 2 walikufa katika Kenya. Kila mwanachama ajua mwenyewe alilisha watu wangapi miaka ile kwa mshahara ule ule.

Siku hizi maneno ni mengi juu ya kuishi bila kumaliza mali ya nchi. Yasemwa katika semina kama elimu mpya iliyotoka mbali. Twaiheshimu elimu, lakini yatupasa tusisahau ya nyumbani. Waborana wa Waso wana sheria ya jambo hili tangu zamani. Nchi iligawanywa katika dedha, na ndani ya kila dedha kulikuwa na malisho ya wakati wa mvua, malisho ya kiangazi, na malisho ya akiba kwa mwaka wa shida. Wazee wa dedha ndio waliotangaza lini pafungwe na lini pafunguliwe. Kisimani alikuwako aba herega, ambaye kazi yake ni kupanga nani anyweshe leo na nani angoje kesho. Hata kisima cha mashine, mvua ikinyesha, wazee walitaka kifungwe, wanyama wanywe madimbwini, ili nyasi za karibu na kisima zipumzike. Ukiitazama sheria hiyo yote utaona imesimama juu ya mambo mawili tu: zamu na akiba.

Sheria ile ilipigwa mapigo makubwa. Wakati wa vita vya shifta, tangu 1963 hadi 1967, watu walikusanywa kambini, hapa Garbatulla na penginepo, na wanyama wakaisha kwa risasi na kwa kufungiwa mahali pasipo majani. Wazee wetu wauita wakati ule gaaf daaba, siku za kuzuiliwa. Watu waliokuwa na mali wakawa maskini, na wengi wakaanza kutafuta kazi ya mshahara. Wengi wetu ni watoto na wajukuu wa watu hao. Baadaye visima vya mashine vikachimbwa, amri ya maji ikaenda kwa maofisa, na wazee wakawa wanasikilizwa nusu nusu. Tangu miaka ya 2010 jitihada zimefanywa kuwarudishia nguvu, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 yakubali ya kuwa jamii yaweza kumiliki na kusimamia ardhi yake. Basi njia ipo.

Sasa tuseme neno linalouma. Kati ya wanaoivunja zamu, sisi wenye mshahara tumo.

Mwanachama apata mkopo. Anunua mbuzi 30, amwajiri mchungaji, naye mwenyewe yuko kazini mjini. Wazee wakitangaza ya kuwa malisho ya akiba yamefungwa, tangazo halimfiki. Au lamfika, naye asema mchungaji atajua la kufanya. Mchungaji amwogope nani? Amwogopa anayemlipa. Basi mbuzi wa mwenye mshahara huingia mahali palipofungwa, wengine huwafuata, na akiba huliwa kabla ya kiangazi kukaza. Tena mchungaji yule mara nyingi hulipwa kidogo, hulipwa kwa kuchelewa, wala hana siku ya mapumziko. Mwajiri wetu akitufanyia hivyo twaandika barua na kuitisha mkutano. Je, sisi tukiwa waajiri?

Jambo la pili ni makaa. Mgunga huchukua miaka mingi kukua, na maganda yake ni chakula cha mbuzi wakati nyasi zimekwisha. Kwa tanuru la udongo, kilo 1 ya makaa yaweza kula kilo 5 hata 10 za kuni. Anayekata ni mtu aliyepoteza wanyama wake, naye hatumlaumu sana. Anayenunua gunia ndiye mwenye mshahara. Jiko la bati lenye udongo ndani, lililoanza kuenea Kenya katika miaka ya 1980, hupunguza makaa sana kuliko jiko la bati tupu. Bei yake hurudi mfukoni upesi kwa makaa yasiyonunuliwa. Na mti mbichi uachwe umesimama.

La tatu ni plastiki. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku katika Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na faini yake ni shilingi milioni 2 hadi 4, au kifungo. Lakini tazama miiba ya ua nje ya mji upepo ukivuma. Mbuzi hula takataka zile, tumbo huziba, naye hufa akiwa na tumbo lililojaa. Mama zetu walibeba maziwa katika vyombo vya kusukwa vilivyodumu miaka. Kikapu kimoja cha sokoni hakimpunguzii mtu cheo chake.

La nne ni maji. Mwisho wa 2023, baada ya ukame ule, mvua ilikuja kwa mafuriko. Mabati yetu yaliyamwaga maji yote mchangani. Haya ni hesabu ya darasani: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 40 za mraba, mvua ya milimita 100 ikinyesha, lapata lita 4,000. Hata robo ikipotea, zabaki lita 3,000, yaani madumu 150 ya lita 20. Mtu aliyenunua maji ya gari wakati wa ukame ajua thamani ya madumu hayo.

Wako watakaosema: viwanda vya nchi tajiri ndivyo vilivyojaza moshi hewani na kuharibu majira, kwa nini maskini wa Garbatulla aambiwe apunguze? Ni kweli, sehemu ya Afrika nzima katika moshi huo ni ndogo sana, na wenye deni hilo sharti walipe. Dai hilo hatuliachi. Lakini malisho ya akiba hayaliwi na moshi wa Ulaya. Yaliwa na mbuzi wetu. Mtu aweza kudai haki yake mlangoni pa tajiri huku amefunga zizi lake mwenyewe.

Kwa hiyo twaleta mambo haya mbele ya wanachama, yazungumzwe mkutanoni. Kwanza, kila mwanachama mwenye wanyama ajulishe wazee wa dedha idadi yao na jina la mchungaji wake, naye akubali faini ya wazee kama mtu mwingine yeyote. Pili, mchungaji alipwe ujira wa haki, kwa wakati, na aambiwe mbele ya mashahidi ya kuwa amri ya dedha yapita amri ya tajiri wake. Tatu, katika madai yetu kwa waajiri tutie mifereji ya paa na matangi katika nyumba za wafanyakazi, shule na zahanati. Nne, chama kifanye mpango wa kununua majiko kwa pamoja, wanachama walipe kidogo kidogo.

Wenyewe husema akiba haiozi. Lakini akiba huliwa, na mara nyingi huliwa na yule aliyekuwa na chakula kingine. Sisi tuna mshahara mwisho wa mwezi. Jamaa zetu kule malishoni hawana mwisho wa mwezi. Wana nyasi zile tu. Tungoje zamu yetu.