Bukunzi na Busozo Hazikuwa Nchi Zilizosahauliwa

Milima inayopanda kutoka Giheke kuelekea msitu wa Nyungwe leo imo katika wilaya moja ya Rwanda, Rusizi, na historia yake husimuliwa kana kwamba mambo yalikuwa hivyo tangu zamani. Masimulizi hayo yamebeba madai ambayo yamerudiwa hadi yakaonekana kweli.

Dai la kwanza ni kwamba kabla ya ukoloni Rwanda yote ilitawaliwa kwa namna moja na mwami, yaani mfalme wake. Sivyo. Kinyaga, kama sehemu hii ilivyoitwa, ilikuwa na machifu waliotumwa na mwami, lakini Bukunzi na Busozo, nchi mbili za milima hii, zilikuwa na wafalme wao, na amri ya chifu wa nje haikufika huko.

Hapo husemwa: zilisalia kwa sababu zilifichwa na msitu, hakuna aliyejali kuzifikia. Dai hili ndilo linaloniudhi zaidi, kwa kuwa linawanyima watu hao akili ya siasa. Kigeli Rwabugiri, mwami wa Rwanda aliyefariki mwaka 1895, alivusha jeshi Ziwa Kivu akapigana katika kisiwa cha Ijwi, tena alikuwa na makazi yake papa hapa Kinyaga. Mtu wa namna hiyo hazuiliwi na miti. Kilichozilinda ni maelewano. Mfalme wa Bukunzi aliaminiwa kuwa na uwezo wa kuleta mvua, naye mwami wa Rwanda aliihitaji mvua hiyo kama mkulima yeyote. Zawadi zilipelekwa kwa mwami. Naye akaiacha nchi ijitawale. Huo ni uhusiano wa dola na dola, na kila upande ulijua unapata nini.

Wengine hujibu kwamba maelewano hayo hayakuwa na mkataba wa maandishi, kwa hiyo wakoloni wa Kibelgiji walipozifuta falme hizo hawakuvunja chochote. Nawataka wawatazame Wacherokee wa Marekani. Baada ya kuhamishwa kwa nguvu mwaka 1838 na 1839, waliandika katiba mpya huko Tahlequah, wakatuma wajumbe Washington, wakatia saini mikataba ya 1846 na 1866. Karatasi zote hizo hazikuizuia Sheria ya Curtis ya 1898 kufuta mahakama zao, wala jimbo la Oklahoma kuundwa juu ya ardhi yao mwaka 1907. Mwenye nguvu akiamua kuvunja neno lake, wino haumshindi.

Dai zito zaidi ni kwamba Wabelgiji waliingia Bukunzi kukomesha mauaji. Hili lazima lijibiwe kwa haki. Mfalme Ndagano alipofariki mwaka 1923, watu waliuawa kwa kufuata desturi za msiba wa mfalme, na mauaji hayo hayana utetezi. Lakini kumwadhibu muuaji ni jambo moja, kuufuta ufalme ni jambo jingine. Askari waliikalia nchi. Nyirandakunze, mjane wa Ndagano, aliyekuwa mafichoni, aliuawa mwaka 1925. Mwanawe Ngoga akatiwa gerezani. Busozo nayo ikafuata upesi, na nchi hizo zikawekwa chini ya Rwagataraka, chifu wa Impara hapo Kinyaga. Kwa nini zote mbili, ikiwa kosa lilikuwa la msiba mmoja? Kwa sababu katika miaka hiyohiyo Wabelgiji walikuwa wakiupanga upya uchifu wa Rwanda nzima, wapate mtu mmoja wa kumdai kodi na kazi za lazima kila mahali. Hata kama Ndagano angezikwa kwa amani, Bukunzi isingeachwa nje ya mpango huo.

Dai la mwisho: eti Wabelgiji walikuwa wakimrudishia Mwami Musinga wa Rwanda haki yake. Musinga huyu walikuwa wameshaanza kumpunguzia madaraka mwaka 1917. Mwaka 1931 wakamvua ufalme na kumleta Kamembe, jirani na Giheke, kabla ya kumpeleka Kongo mwaka 1940. Mamlaka yaliyoongezeka Bukunzi baada ya 1925 yalikuwa ya Usumbura, makao ya utawala wa Kibelgiji, si ya mwami.