Afya ya Jamaa: Kikohozi Kisichosikia Tangawizi

Huku kwetu Soni kikohozi hakikosi kisingizio. Asubuhi ukungu umeshuka hadi mlangoni, jikoni kuni ni mbichi na moshi umetanda, na kila anayekohoa huambiwa, "Ni baridi tu, chemsha tangawizi." Tangawizi si mbaya. Lakini kikohozi kikifikisha wiki mbili, nenda kituo cha afya ukapimwe kifua kikuu. Nenda upesi zaidi ikiwa jioni unapata homa, usiku unaloa jasho, na gauni la mwaka jana linakupwaya. Ukiona damu katika makohozi, usingoje hata kesho.

Kipimo hakiumi. Unatoa makohozi ya ndani ya kifua, si mate, katika kikopo. Penye mashine ya GeneXpert, kazi ya kupima huchukua saa mbili hivi, nayo huonyesha pia kama vijidudu ni sugu kwa rifampisini, dawa kubwa ya ugonjwa huu.

Najua kwa nini wengine hunyamaza. Mama mkwe atasema nini? Majirani watasema ni UKIMWI! Si lazima, ingawa kila mgonjwa hushauriwa kupima VVU pia. Na ipo hofu ya zamani, ya kutengwa na watoto. Hospitali ya Kibong'oto, kule Kilimanjaro, ilianza kupokea wagonjwa wa kifua kikuu mwaka 1926, na enzi zile mtu aliweza kulazwa miezi mingi mbali na kwake. Mambo yalibadilika. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianzishwa mwaka 1977, na kazi aliyoifanya hapa nchini Dk. Karel Styblo ikaigwa na nchi nyingi duniani. Leo wagonjwa wengi humeza dawa wakiwa nyumbani, bila malipo, mtu wa jamaa akiwasimamia.

Tiba ya kawaida ni miezi sita: miwili ya dawa za aina nne, kisha minne ya aina mbili. Mtego uko hapo katikati. Kikohozi kimekoma, kabichi zinangoja shambani, na baba watoto anauliza nauli ya kliniki ni ya nini tena. Ukiacha hapo, vijidudu vilivyobaki huweza kuwa sugu, na tiba yake ni nzito zaidi.

Mkojo ukigeuka rangi ya chungwa, usishtuke, ni rifampisini. Dawa hiyo hiyo hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, kwa hiyo mwambie mhudumu mapema akushauri njia nyingine, usije ukashtukia mimba.

Watoto nao wapelekwe wote, hata wasiokohoa. Kovu la chanjo mkononi halitoshi kuwakinga. Wadogo wa chini ya miaka mitano wakionekana wazima hupewa dawa ya kuzuia. Anayenyonya aendelee kunyonya. Wewe funika mdomo na pua kwa kitambaa unapomnyonyesha, hadi mganga akuambie huambukizi tena.