Bomba la moshi la gari kuukuu: tununue pumzi ya abiria, tusinunue sauti

Kiangazi kilichopita nilipanda gari kutoka Kasongo kwenda Wamaza. Lilikuwa kombi kuukuu, moja ya yale magari ambayo mwenyewe ameondoa viti vya nyuma na kuweka ubao na godoro, ili yeye na konvoyere wake walale ndani usiku barabara inapokataa. Mbele alikaa shofere na abiria wawili. Nyuma tulikuwa watu saba, juu ya magunia ya mchele na maboksi ya sabuni. Kati yetu kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akimpeleka mtoto kwa bibi yake. Mlango wa nyuma ulifungwa kwa kamba, nusu wazi, kwa sababu mizigo ilizidi.

Bomba la moshi, ile tunayoita eshapema, lilikuwa jipya. Mwenye gari alikuwa amelitengenezesha wiki ile ile, na kabla ya kuondoka alikanyaga mafuta mara tatu ili tusikie lilivyonguruma. Vijana wa pale walipiga makofi.

Saa mbili hazikupita, kichwa kikaanza kuniuma. Mama yule akatapika. Mtoto wake alilala usingizi mzito, hata tulipomwita aliitika kwa shida. Tulipofika, kila mtu alisema ni malaria. Mimi pia nilisema hivyo, nikanunua dawa. Asubuhi kichwa kilikuwa kimepona kabla sijameza kidonge cha kwanza. Mama alisema mtoto anacheza.

Nikarudi kwa lile gari na kumwomba fundi mmoja alale chini yake. Hakukaa hata dakika tano. Pale bomba linapoungana na injini palikuwa na masizi meusi, maana yake moshi ulitokea hapo. Na lile bomba jipya halikufika ukingoni mwa gari. Liliishia chini ya sakafu, karibu na tulipokaa. Fundi alijifuta mikono akaniambia: « Kaka, mulikuwa munavuta gari nzima. »

Tangu siku ile nina neno moja la kuwaambia wenye magari wa Kasongo, Wamaza na Kabambare. Tunachagua bomba la moshi kwa masikio na kwa mfuko, wakati linapaswa kuchaguliwa kwa ajili ya mapafu ya watu wanaokaa nyuma.

Moshi wa injini una hewa ya sumu inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Ikiingia mwilini inashikana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, ndiyo maana hata kidogo tu kinatosha kumdhuru mtu. Inaanza kwa kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Ikizidi, mtu analala na haamki. Tazameni dalili hizo vizuri: ni zile zile ambazo kwetu zinaitwa malaria. Mgonjwa anatoka kijijini na homa, anavuta moshi njia nzima, anafika kituo cha afya amezidiwa, na hakuna anayeuliza alikuja na gari gani.

Watasema: gari langu linatumia mazuti, si esansi. Ni kweli kwamba injini ya mazuti inatoa hewa hiyo kwa kiasi kidogo zaidi. Lakini tangu mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa kansa ya Shirika la Afya Duniani imeuweka moshi wa mazuti kati ya vitu vinavyoleta kansa kwa binadamu. Basi hakuna moshi wa kubebea abiria.

Sasa, bomba likioza, mwenye gari afanye nini? Njia ni tatu. Anaweza kuagiza jipya kutoka Bukavu au Kindu, anaweza kununua piesi iliyotumika iliyotolewa kwenye gari lingine, au anaweza kumwendea fundi wa kuchomelea vyuma hapa kwetu. Wengi wanachukua njia ya tatu, na mimi siilaumu. Fundi wetu akipimiwa vizuri na akipewa chuma kizuri, anaweza kutengeneza kitu kitakachodumu kuliko piesi ya kuiga iliyopakwa rangi ya kung'aa. Tatizo ni kwamba tunamwendea na swali moja tu: bei gani?

Kuna maswali mengine ya kuuliza. La kwanza ni chuma chenyewe. Bomba la moshi linaoza kutoka ndani zaidi kuliko nje. Kila lita ya esansi inayoungua inatoa karibu lita moja ya maji, yakiwa mvuke. Gari linalofanya safari fupi fupi halipati joto la kutosha kuyakausha, kwa hiyo maji yanakaa ndani na kula chuma. Tole nyembamba ya kukatwa kwenye pipa la zamani haitamaliza msimu wa mvua. Na chini ya ile sanduku ya kupunguza sauti, mara nyingi kiwanda kinaacha tundu dogo sana ili maji yatoke. Mafundi wengi wakiliona wanaliziba kwa sababu wanadhani ni ubovu. Liacheni.

Wengine wanatumia tiyo ya maji, ile iliyopakwa zinki. Inaonekana ngumu na haina kutu. Lakini ukiichomelea, zinki ile inatoa moshi mweupe ambao unamletea fundi homa na kifua usiku ule ule. Kama hakuna nyingine, zinki ikwanguliwe kwanza pale pa kuchomelea, na kazi ifanyike nje penye upepo. Fundi pia ana mapafu.

La pili ni upana. Bomba jembamba kuliko lile la kwanza linaibana injini. Gari linapata joto, linakosa nguvu kwenye mlima, na mafuta yanakwisha haraka. Bomba pana sana, bila sanduku la kupunguza sauti, linaongeza kelele tu. Kwenye barabara zetu, ambako gari linatembea gia ya kwanza na ya pili siku nzima, hakuna mbio unazopata kwa kunguruma. Chukua kipimo cha bomba la zamani kabla ya kulitupa. Hata likiwa limeoza, bado ni mwalimu.

La tatu ni namna linavyoning'inia. Kiwandani linashikiliwa na mipira ili litikisike pamoja na injini. Sisi tunalifunga kwa waya, au tunalichomelea moja kwa moja kwenye chasi. Kwenye mashimo ya kwanza linavuta upande wa injini, kile kipande chembamba kinachowekwa kati ya vyuma viwili kinapasuka, na moshi unatokea hapo mbele, chini ya miguu ya shofere. Bomba ni jipya na gari linavuja. Hicho ndicho kilichotupata.

La nne, na kwangu ndilo kubwa, ni mahali linapoishia. Mdomo wa bomba lazima utoke nje ya ukingo wa gari, kando au nyuma, usiishie chini ya sakafu. Na hata ukitoka vizuri nyuma, mlango wa nyuma ukiwa nusu wazi gari linapotembea, upepo unaurudisha moshi ndani. Shofere wetu wanafikiri mlango wazi unawaletea abiria hewa. Unawaletea moshi. Kama mizigo inalazimisha mlango ubaki wazi, basi mizigo imezidi. Ishushwe, au bomba lielekezwe kando na madirisha ya mbele yafunguliwe.

Kombi ya Volkswagen ilianza kutoka kiwandani Ujerumani mwaka 1950, na kiwanda cha Brazil kiliendelea nayo mpaka mwisho wa 2013. Huko Ulaya wako watu wanaotunza zile za zamani, wamezigeuza nyumba za safari. Wanajua jambo moja ambalo sisi tunalisahau. Zile ambazo injini yake inapozwa kwa upepo huchukua hewa inayozunguka bomba la moshi na kuipeleka ndani ili kuwapa watu joto. Bomba likitoboka pale, moshi unafuata njia hiyo hiyo. Sisi wa Maniema hatuna baridi ya kutafutia joto. Mwenye gari la namna hiyo ahakikishe njia hizo zimefungwa.

Na kuna usiku. Anayelijua vizuri shimo la matope la msimu wa mvua anajua kwamba kila gari la huku ni nyumba ya kulala. Gari linazama, abiria wanajikunja ndani, mvua inanyesha, na mtu anaona ni vizuri injini iendelee ili betri isife au simu zipate moto. Hapo mdomo wa bomba umezama kwenye matope. Moshi hauna njia ya nyuma, unatafuta kila tundu na kila kiungo, unapanda kwenye sakafu. Ndugu shofere, watu wakilala ndani, zima injini. Hata kama bomba ni jipya, na hata kama ulilinunua kwa bei kali.

Nije sasa kwenye sauti. Najua vijana wanapenda gari na pikipiki inayosikika toka mbali, na wako wanaolipa fundi atoe kile cha ndani kinachopunguza kelele. Wakumbuke tunaishi wapi. Upande wa Salamabila na Kabambare watu wameshakimbia nyumba zao kwa sababu ya mapigano kati ya Mai-Mai Malaika na jeshi. Mama aliyelala porini na watoto hasubiri kujua kama mlio wa usiku ni bunduki au ni bomba la moshi linalopasua. Anachukua mtoto na kukimbia. Kwenye kijiji cha namna hiyo, kelele ya gari inawarudishia watu hofu ambayo walikuwa wanaanza kuisahau.

Nasikia jibu la wenye magari: barabara yenyewe ndiyo inavunja mabomba, itengenezwe kwanza. Ni kweli. Barabara ya taifa nambari 2 inayotuunganisha na Bukavu ingekuwa nzuri, mabomba yangedumu, na bei ya kila kitu ingeshuka sokoni. Kila raia ana haki ya kuidai. Lakini barabara mbaya haimlazimishi mtu kuishiliza bomba chini ya sakafu. Nusu mita ya chuma na mipira miwili haviwezi kumfilisi mtu anayebeba abiria saba. Kinachokosekana hapo ni kipimo na mtu wa kuuliza, fedha inakuja nyuma.

Nani aulize? Nchi yetu ina kanuni ya barabara, sheria nambari 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, na tuna polisi wa barabara. Lakini kwenye vizuizi swali la kwanza ni karatasi, na la pili wote tunalijua. Kuinama na kutazama chini ya gari ni nadra. Kwa hiyo nashauri tuanze wenyewe. Vyama vya shofere, pale parkingi, viweke desturi: gari halipakii mgonjwa, mama mjamzito wala mtoto mdogo kama bomba lake linavuja au halifiki nje. Wakuu wa teritwari za Kasongo na Kabambare waiunge mkono desturi hiyo kwa barua moja. Haihitaji bajeti.

Kupima nako si kazi ya injinia. Asubuhi, injini ikiwa bado baridi, iwashwe. Mtu mmoja aweke kitambaa kinene kilicholowa maji kwenye mdomo wa bomba kwa sekunde chache, mwingine asikilize na kutazama kandokando. Panapotoa mlio wa pumzi, panavuja. Penye masizi meusi kwenye kiungo, panavuja. Dakika tano zinatosha, kabla ya magunia kupandishwa.

Na sisi abiria tuache aibu. Tunabishana na shofere kwa nusu saa kuhusu bei ya nafasi, halafu tunapanda bila kuuliza tutavuta nini njia nzima. Kichwa kikianza kukuuma ndani ya gari, mwambie shofere asimame. Shukeni wote, mpate hewa. Kama maumivu yanapungua mkiwa nje na yanarudi mkiwa ndani, hiyo si malaria. Na ukifika kwa muuguzi, mwambie ulikuja na gari la namna gani.

Lile kombi bado linafanya safari. Nililiona sokoni tena. Mwenyewe amelirefusha bomba, limetoka kando, na amerudisha sanduku la kupunguza sauti. Alinicheka kidogo, akasema vijana hawampigii makofi tena anapoondoka. Nikamjibu kwamba abiria wake wanashuka wanatembea kwa miguu yao. Akanipunguzia bei ya nafasi, nikapanda.